Ukuta wa Kaskazini

Mara ya kwanza Domitila Llontop alipofika kwa don Asunción Siesquén, alifungiwa mlango. Mara ya pili alifunguliwa, akaachwa amesimama juani huku mzee akimaliza kula. Mara ya tatu alikuja na chupa ya pombe ya miwa, na mzee akamtazama kutoka viatu mpaka nywele.

"Wa makumbusho wameishiwa polisi," alisema, "sasa wananitumia wanawake."

"Sikuja kukukamata, don Asunción. Nina swali moja tu."

"Polisi nao walianza hivyohivyo."

Lakini chupa aliipokea. Alimwonyesha kiti cha plastiki kilichovunjika mgongo, mwenyewe akakaa juu ya gunia la maharage. Kwa mbali, nyuma ya mashamba, Huaka Lechuza ilionekana imejilaza kama kilima cha kawaida, na asiyejua asingedhani kwamba kilima kizima ni matofali ya udongo yaliyopangwa na watu waliokufa zamani sana, tena kimejaa makaburi yao.

Domitila alikuwa msanifu wa maonyesho. Alikuwa mzaliwa wa Mórrope, mwanamke wa miaka thelathini na minane, na kazi nyingi alizifanya Chiclayo, nyingi zikiwa madirisha ya maduka na vibanda vya maonyesho ya biashara. Kwa hiyo makumbusho madogo ya San Cirilo yalipompa kazi ya chumba kizima, hakulala vizuri kwa furaha. Chumba chenyewe kilitakiwa kimfanye mgeni ajione yumo ndani ya kaburi la Huaka Lechuza, lile kaburi maarufu, kama lilivyokuwa kabla halijavunjwa.

Tatizo lilikuwa kwamba hakukuwa na kitu cha kuonyesha. Kinyago cha dhahabu kilikuwa sebuleni kwa tajiri fulani ng'ambo. Vipuli vya masikio vilikuwa katika makumbusho makubwa ya huko huko, ambayo hayajibu barua. Vingine viliyeyushwa vikawa meno na bangili. Zilizobaki ni picha, zilizokatwa kwenye vitabu vya wauzaji wa mnada, na picha mtu anaweza kuzirusha ukutani kwa projekta zikawa kubwa kama milango. Ila hakuna aliyejua kitu gani kilikaa wapi. Wataalamu wa mambo ya kale walipofika, miaka arobaini iliyopita, walikuta shimo, mifupa iliyotawanyika, na kiatu kimoja cha mguu wa kushoto.

Waliowahi kuliona kaburi likiwa zima walikuwa wawili tu, wale walioliiba. Crisanto Siesquén alikwishakufa. Ndugu yake Asunción alifungwa miaka minne, akarudi, akalima, akazeeka, na tangu atoke gerezani hakuna mtu wa makumbusho aliyewahi hata kumsabahi.

"Haya, uliza," alisema mzee.

"Alikuwa amelalaje?"

Don Asunción aliishusha chupa.

"Polisi waliniuliza nani alinunua," alisema. "Hakimu akaniuliza nani alinunua. Watu wa magazeti waliniuliza dhahabu ilikuwa nzito kiasi gani. Hilo lako sijaulizwa na mtu." Akajifuta mdomo. "Njoo na gari Jumatatu. Siwezi kukueleza nikiwa nimekaa."

*

Jumatatu mzee alikuja makumbusho amevaa shati safi, na binti yake Yolanda nyuma yake amebeba sufuria ya wali wa bata iliyofungwa kwa kitambaa. Chumba kilikuwa bado kitupu, saruji tupu juu na chini. Yolanda aligeuza ndoo ya rangi, akaikalia pembeni, akatoa sindano yake ya kufumia na uzi wa manjano. Alikuwa na miaka arobaini na kitu. Mumewe aliondoka kwenda Lima siku nyingi akasahau njia ya kurudi, naye ndiye aliyemtunza baba yake.

"Baba alifungwa bure, sasa anakuja kusimulia bure," alimwambia Domitila bila kuinua macho. "Angalau gerezani walimlisha."

"Yolanda," mzee alisema.

"Nasema tu. Au kuna uongo?"

Mzee aligeuza uso, akatafuta kaskazini, akahesabu hatua huku midomo ikicheza. Kisha, polepole, kwa kushika magoti yake kwanza, akalala chali juu ya saruji. Akanyoosha mikono kando ya mwili, akafumba macho.

"Hivi," alisema. "Kichwa kusini. Miguu kule. Chora."

Domitila alipiga magoti na chaki. Akamzungushia mstari kuanzia kisogo, mabega, mpaka visigino. Mzee alifumbua jicho moja.

"Unanipima jeneza?"

"Nakupima kwa ajili yake."

"Yeye alikuwa mfupi kuliko mimi. Punguza kiganja."

Ndivyo walivyofanya kazi, wiki baada ya wiki. Vitu vya dhahabu alivikumbuka kana kwamba viko mbele yake: kinyago hapa, kimeinamia kidogo bega la kulia, vipuli hapa na hapa, shanga za magamba mekundu ya bahari, mistari saba, wa nne umekatika. Domitila alipomuuliza juu ya marehemu mwenyewe, mzee alianza kusitasita. Alikuwa mwanamke. Kulikuwa na kikapu mkono wa kulia, ndani yake visokotea uzi na pamba iliyosokotwa nusu. Uso ulipakwa rangi nyekundu. Basi.

"Na nywele," alisema siku moja, bila kuulizwa. "Nywele zilikuwapo bado. Nilizishika nikadhani ni kamba. Nikavuta."

Sindano ya Yolanda ilisimama.

"Crisanto alisimama juu ya kifua chake ili akifikie kinyago. Kilikuwa kitu kidogo, ile sauti. Kama kukanyaga mabua. Tulikuwa tunacheka, unajua? Tulikuwa vijana na tulikuwa tunacheka."

Domitila aliandika yote. Jioni, njiani kurudi Chiclayo, alikuwa akilia nyuma ya usukani, na bado moyoni alijua kwamba chumba chake kitakuwa kizuri. Mambo hayo mawili yalikaa pamoja ndani yake wala hayakugombana.

Ilikuwa wiki ya nne mzee alipouzungumzia ukuta.

"Huu wa kaskazini hatukuuvunja," alisema, akiugonga ukuta wa saruji kwa kifundo cha kidole. "Crisanto aliupiga kwa mpini wa sepetu, ukaitika."

"Ukaitikaje?"

Mzee akaweka mikono mdomoni, akatoa sauti nzito ya tumboni, kama mtu anayeongea ndani ya mtungi. "Hivyo. Huko nyuma kuna nafasi. Kuna mwingine mle, pengine mama yake, pengine mwanawe. Tulitaka kurudi kesho yake, mchanga ukaporomoka, halafu wakaja kutukamata."

"Umewahi kumwambia mtu?"

"Nani? Wewe ndiye unayeuliza maswali."

Siku hiyohiyo Domitila alipanda ghorofani kwa mkurugenzi, daktari Baltazar Effio, mtu mpole mwenye tai fupi, akamweleza. Effio alikuna sikio. Kuchimba kunataka kibali, alisema, na kibali kinataka bajeti, na bajeti inataka waziri aliye hai na mwenye afya. Pengine miaka mitano. Lakini barua ataandika, wiki hiihii.

Domitila aliridhika na jibu hilo. Akateremka akaendelea na kazi, na hapo ndipo alipopata lile wazo ambalo wote walilisifu. Alikwenda kwa shangazi yake Mórrope, akatafuta uani mtungi mkubwa kuliko yote ya kuchachushia chicha, pombe ya mahindi ya huko, akaupiga kwa mpini wa jembe huku kinasa sauti kikiwa shingoni mwa mtungi. Spika akazificha nyuma ya ukuta wa kaskazini. Mgeni akiugonga, ukuta ungeitika.

Tena alikataa kubahatisha chochote. Kaskazini ya chumba ilikuwa kaskazini ya huaka. Upana ulikuwa upana wenyewe, na kila umbali ulikuwa umetoka kinywani mwa mtu aliyekuwamo. Mjini watu wamedanganywa vya kutosha, alisema, mimi nitawapa ukweli mpaka kiganja cha mwisho.

Mwisho wa chumba aliupanga hivi: mgeni ameshazoea dhahabu inayowaka pande zote, na mama yule amelala katikati ametulia. Ghafla inasikika sepetu. Kitu kimoja kinazimika. Sepetu tena, kingine kinazimika, mpaka mgeni anabaki gizani peke yake dakika nne nzima, na sakafuni panatokea alama za viatu vya wanaume wawili, na vipande vyeupe vya mifupa.

Effio alilijaribu giza hilo akatoka anapepesa macho.

"Dakika nne ni nyingi. Watu watajikwaa. Watoto watalia."

"Nataka walie, daktari."

"Wewe unataka. Mimi nina bima."

Wakashindana kwa siku mbili. Dakika nne zikawa sekunde arobaini, na vipande vyeupe vikaondolewa.

*

Siku ya ufunguzi mstari ulitoka mlangoni ukazunguka kanisa. Bendi ya shule ilipiga, meya alihutubia. Watu waliingia kumi kumi, na Domitila, aliyesimama kwenye kona ya ndani, alisikia kila kundi likivuta pumzi moja dhahabu ilipowaka. Lakini giza lilipokuja waliwasha simu. Kila mara. Wakamulikana nyuso, wakacheka, wakautafuta ukuta wa kaskazini na kuugonga, ukaitika, wakaugonga tena.

"Kuna mtu ndani," mwanamume mmoja alisema, na wenzake wakacheka.

Don Asunción alikuja na suti iliyokuwa ya marehemu Crisanto. Aliishia mlangoni. Domitila alimwendea akamshika mkono.

"Umeonaje, don Asunción?"

"Umekifanya kama kilivyokuwa," alisema mzee. Hakutabasamu. Alikuwa akitazama watu.

Yolanda yeye aliingia mara tatu. Domitila alimwona akitembea taratibu kando ya ukuta, kutoka pembe mpaka pembe, uzi wake wa manjano ukiburuzika kutoka mkononi, na kila baada ya hatua akisimama na kuufunga fundo. Alidhani huzuni imempata, akamwacha.

Hii ilikuwa Februari. Ijumaa Kuu iliangukia katikati ya Aprili.

Huko kwao kila mtu anajua kwamba Ijumaa Kuu huaka hulegea ikaachia vilivyomo. Wazee wanaamini, vijana wanacheka, na wote hawaendi kulima siku hiyo. Mlinzi wa Huaka Lechuza alikuwa mmoja, na tangu Alhamisi aliomba ruhusa, maana ndiye mbebaji wa mbele kulia wa kitanda cha sanamu ya Kristo Mfu katika maandamano. Mji mzima ulikuwa nyuma ya kitanda hicho, pamoja na polisi wawili wa San Cirilo, pamoja na Effio na mkewe. Domitila pia alikuwapo, ameshika mshumaa.

Jumamosi asubuhi mwanamke aliyekuwa akiokota kuni aliona shimo jipya kwenye huaka.

Domitila alipofika alimkuta Effio ameshakaa chini juu ya mchanga na tai yake imelegea. Wezi hawakuwa wamechimba kwa kubahatisha. Walikuwa wamelifuata shimo la zamani, wakashuka, wakaenda kaskazini moja kwa moja mpaka kwenye ukuta, na ukuta wakautoboa katikati kabisa, tundu la kupita mtu mmoja. Ndani hakukubaki kitu kilichosimama. Vyungu vilivyokuwa vimekaa salama miaka zaidi ya elfu vilikuwa vigae, na pale vilipovunjikia palikuwa pakavu na pasafi, kama mkate uliomegwa sasa hivi. Nguo ilichanwa. Mifupa ilirushwa nje pamoja na udongo, na jua lilikuwa limeshaanza kuipasua. Alikuwapo mmoja, au wawili. Mtaalamu aliyekuja Jumatatu hakuweza kusema.

Miongoni mwa vichungi vya sigara Domitila aliona uzi wa manjano wenye mafundo. Aliuinamia. Kutoka fundo hadi fundo ilikuwa kiganja kimoja.

Aliweka mguu juu yake. Alisimama hivyo robo saa nzima huku polisi wakipiga picha, na hakujua anamlinda Yolanda au anajilinda mwenyewe. Kisha akauondoa mguu, akamwita askari, akamwonyesha.

*

Don Asunción alikuwa amekaa juu ya gunia lake. Jikoni hapakuwa na moto.

"Aliondoka jana na begi," alisema kabla hajaulizwa. "Aliniachia maharage ya siku tatu. Yamepoa."

"Nimewaambia polisi, don Asunción. Nimewaonyesha uzi."

"Umefanya vizuri." Alikuwa akizitazama kucha zake. "Sikumfundisha, unajua. Miaka yote hiyo sikuwahi kutamka neno mbele yake. Nilisema tutakula umaskini wetu basi. Halafu ukaja wewe ukaniuliza, nami nikasema, na yeye amekaa pale anafuma. Nilifurahi kuulizwa, binti. Hilo ndilo kosa langu."

"Na mimi?"

"Lako utalijua mwenyewe."

Domitila alikoka moto, akapika chakula, akakaa mpaka mzee alipokula vijiko viwili. Alirudi Jumanne, akarudi Ijumaa. Mzee alikuwa anaongea kidogo zaidi kila mara, na wiki ya pili ya Mei jirani alimkuta amelala chali kitandani, amenyoosha mikono, amekufa. Waliomzika hawakufika kumi. Kutoka makumbusho hakuja mtu ila Domitila.

Effio alimwita wiki hiyohiyo. Magazeti ya Lima yaliandika juu ya wizi, na wageni walikuwa mara mbili ya Februari. Mezani kulikuwa na mchoro wa jengo, naye alikuwa amelizungushia kwa kalamu nyekundu ghala lililopakana na chumba chake.

"Tutahitaji chumba cha pili," alisema. "Kaburi la nyuma ya ukuta. Wafadhili wamekubali. Mgeni anatoka hapa, anapita kwenye tundu, anaingia kule. Wewe ndiye unayejua."

"Sijui chochote, daktari. Hakuna anayejua. Safari hii hakuna hata picha."

"Tutakisia. Tunajua watu wa zama hizo walivyozikwa."

"Basi kiachwe kitupu. Kuta, udongo, na taa moja. Mtu apite kwenye tundu akute hamna."

Effio alimtazama kwa huruma ya kweli.

"Domitila, mtu hawezi kukata tiketi aje kuona hamna."

Yeye alikuwa akilitazama kabati la faili. "Ile barua ya kibali," alisema. "Ya kuchimba nyuma ya ukuta. Walijibu nini?"

Mkurugenzi alivuta droo, akaisogeza karatasi moja kwa kidole, akaifunga droo.

"Ilikuwa inasubiri mhuri."

Hapakuwa na ugomvi. Domitila alirudisha funguo, akachukua chaki zake na kinasa sauti, akashuka ngazi. Ndani ya chumba watoto wa shule walikuwa wakigonga ukuta, na ukuta ukiwaitika.

*

Yolanda alipiga simu Juni, kwa namba ambayo Domitila hakuijua. Nyuma yake yalisikika magari mengi na mtu anayenadi viazi vitamu.

"Dada Domitila, sitaongea sana. Nataka kujua habari za baba tu. Simu yake haiiti."

Domitila alilazimika kumwambia. Akasikia magari, na yule mnadi akipita, akirudi.

"Lini?"

"Mei. Tarehe kumi na moja."

"Alikula?"

"Kidogo."

"Vitu tulivyochukua havikunifikisha popote," Yolanda alisema baadaye, sauti yake ikiwa kavu. "Walinipunja. Wale wawili niliokwenda nao walimjua mnunuzi, mimi sikumjua. Nimeosha vyombo hapa tangu nifike. Unaweza kuwaambia polisi hilo pia."

Domitila hakutaka kuuliza alichouliza. Aliona aibu hata kabla hakijamtoka. "Yolanda, mliona nini mle?"

"Hatukuona. Tulikuwa na taa ya simu, na vumbi, na mmoja wetu anakohoa kama anakufa. Tulikuwa tunapapasa. Kikiwa kigumu kinaingia kwenye gunia."

"Na yeye? Aliyezikwa mle?"

Yolanda alifikiri. Domitila alimsikia kabisa akifikiri, akijitahidi, kama baba yake alivyokuwa akijitahidi.

"Alikuwa ametuzibia njia," alisema. "Tulimsogeza."

Simu ikakatika, na namba ile haikupokelewa tena.

Chumba cha pili kilifunguliwa Desemba. Kilitengenezwa na kampuni moja kutoka Lima, nao waliweka shujaa mwanamume mwenye rungu la shaba na watumishi wanne, kwa sababu shujaa hupendwa. Domitila aliliona bango lake siku moja alipokuwa amepiga magoti ndani ya dirisha la duka la viatu huko Chiclayo, akipanga viatu vya sikukuu juu ya pamba iliyofanywa theluji. Lilibandikwa ubavuni mwa basi lililokwama kwenye foleni. Uso wa shujaa ulikuwa umechorwa vizuri sana, kila nyusi. Watoto wangenunuliwa daftari lenye picha yake, waandike ndani yake, na walimu wangesahihisha.

Mwenye duka alimgongea kioo kwa pete.

"Hivyo vyekundu mbele zaidi, mwanangu," alisema. "Watu waviangalie hivyo kwanza."

Akavisogeza mbele.